Sikio Moja la Watu, Jingine la Mashine

Binti yangu haoni. Nalisema hili mapema ili lisinisumbue huko mbele, maana watu wakishalijua hawataki kujua jingine. Surua ilimpitia kabla hajaanza shule, ikamwacha na uhai ikaondoka na macho. Sasa ni mtu mzima, anavaa viatu vya kisigino kifupi, ana ukali wake na ana utani wake. Kazini kwake mahakamani walimwita Chapuchapu kwa sababu ya vidole vyake. Kiti alichokalia pale alikitafuta kwa miaka mingi, na ninachotaka kueleza ni jinsi kilivyomponyoka baada ya kuletwa kompyuta mpya.

Kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya watu. Katika chumba cha mashauri shahidi anasema, wakili anauliza, hakimu anaingilia kati, na binti yangu, kwenye meza ndogo chini ya jukwaa la hakimu, anayachapa yote pale pale yanapotoka. Ile mahakama hairekodi sauti. Alichokichapa yeye ndicho kilichosemwa. Asichokichapa hakikusemwa, hata kama chumba kizima kimekisikia.

Mtu atajiuliza, asiyeona anachapaje? Kuchapa si tabu, vidole vyake vinajua kila herufi ilipo kama mimi ninavyojua vifungo vya gauni langu gizani. Tabu ni kujua ulichokichapa. Kwa hilo alikuwa na programu ndani ya kompyuta iliyomsomea kila neno. Alivaa hedfoni sikio moja tu.

"Sikio la kulia nawapa watu," aliniambia, "la kushoto naipa mashine."

"Huchanganyikiwi, mwanangu?"

"Mama, wewe ulikuwa unashona huku unatusikiliza tukigombana chumbani, na ulikuwa unajua nani kamchokoza mwenzake. Ulichanganyikiwa?"

Mimi darasa nililoishia ni la tano, na mambo ya kompyuta nayajua kwa kusimuliwa. Lakini hilo la masikio mawili nililielewa.

Alianzia mbali. Kwenye shule ya bweni ya wasioona alifundishwa taipureta. Alipotoka akaweka meza nje ya lango la mahakama, akawa anawachapia watu malalamiko yao. Mtu anakaa kwenye kigoda, anamwaga yaliyomjaa moyoni, naye anayaweka kwenye karatasi yakiwa yamenyooka. Mimi nikahamisha cherehani yangu kwenye baraza ya duka lililo ng'ambo ya barabara, nikasema nafuata wateja. Wateja gani! Nilikuwa nafuata macho yangu, nimwone akija na akiondoka, nimwone nani anamkaribia. Mpaka leo nipo pale pale, na lango lote la mahakama nalitazama kuanzia asubuhi.

Hakimu wa zamani, yule aliyestaafu, alizizoea karatasi zake, akauliza huyu anayechapa bila kufuta ni nani. Walipomwambia, hakuamini. Alitoka mwenyewe akaja akasimama mbele ya meza, asiseme neno, akimtazama tu anavyofanya kazi. Binti yangu akasema, "Mzee, kama huna la kuandika, usinizibie upepo." Siku zile zile akaingizwa ndani.

Programu ya kusoma aliletewa na mwalimu wake wa bwenini, kupitia chama chao cha wasioona. Mwanzoni ilikuwa kituko. Ilisoma majina ya watu kama inawatukana. Ufupisho wa kimahakama haikuujua kabisa. Basi jioni, chumba kikishakuwa kitupu, binti yangu alibaki akiifundisha. Jina hili usilivute. Mji huu unatamkwa hivi. Hii ni namba ya shauri, isome tarakimu moja moja. Akaifundisha pia njia za mkato: anagonga herufi mbili, inajitokeza sentensi nzima ya wakili anayepinga swali. Miaka ilikwenda hivyo. Mwishowe ile mashine ilikuwa inamsemesha kama ndugu aliyekulia naye nyumba moja. Yote hayo yalikaa kwenye akaunti yake, chumba chake mwenyewe ndani ya kompyuta, chenye neno la siri ambalo hata mimi hajawahi kunitajia.

Sasa hapo nyuma skrini ya hakimu iliungua. Mpya haikupatikana upesi, ndipo Karani wa mafaili akapata wazo.

"Chapuchapu, wewe skrini ya nini?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka kuwashinda. "Ichukueni. Ilikuwa inanipasha joto usoni tu."

Wakaichukua. Tangu hapo kompyuta yake ikawa sanduku chini ya meza, kibodi juu, na waya wa hedfoni. Hakuna aliyeona ajabu. Aliyezoea chumba kile alijua sanduku lile linafanya kazi kuliko mashine zote za jengo. Ila tu lilionekana kwa asiyejua kama kitu kilichotupwa hapo kikasahauliwa.

Habari ya kompyuta mpya ilipokuja, binti yangu alikuwa wa kwanza kuuliza. "Programu zetu na akaunti zetu zitahamishwa?"

"Zote," Karani akamjibu. "Fundi anakuja mwisho wa wiki ofisi ikiwa imefungwa. Ukirudi unakuta kila kitu mahali pake. Usiwe na roho juu juu kama mama yako."

Roho juu juu ninayo kweli, siwezi kukataa. Nilimwambia, "Nenda siku hiyo ukasimame hapo hapo penye sanduku lako."

"Mama, lango litakuwa limefungwa. Nipande ukuta?"

"Basi mwambie mlinzi akufungulie."

"Nimwambie namlinda nani, kompyuta?"

Nikaacha. Kubishana naye ni kusukuma gari lililozama topeni.

Jumatatu nilimfikisha langoni kama kawaida. Mlinzi, mtu wa mzaha tangu asubuhi, akamwambia, "Leo unaendesha gari jipya, Chapuchapu. Utupe lifti." Akaingia akicheka. Mimi nikavuka barabara, nikatia uzi kwenye sindano. Sijamaliza hata pindo la sketi moja nikamwona anatoka, mkono ukipapasa ukuta. Ukuta huo huwa haushiki, anaujua kwa moyo. Niliiacha sketi kwenye cherehani nikakimbia.

"Kuna nini?"

"Haisemi, mama."

"Nani hasemi?"

"Kompyuta. Nimeiwasha, imekaa kimya kama ukuta."

Fundi aliitwa. Alikuja upesi, kijana mwenye adabu, begi mgongoni. Siku hiyo nilijitia nami nina shauri la kusikilizwa, nikaingia mpaka mlangoni mwa chumba. Hakimu alikuwa hajakaa.

"Mashine yako ilikuwa ipi, dada?" Fundi akamuuliza.

"Iliyokuwa chini ya meza hii."

"Ile isiyo na skrini?"

"Hiyo hiyo."

Fundi akaweka begi chini polepole. "Dada, ile tulijua imekufa. Nani anatumia kompyuta isiyo na skrini?"

"Mimi."

Hapo ndipo alipomtazama vizuri usoni. "Sikuambiwa," akasema. "Nimehamisha akaunti za watu wote. Hata za waliostaafu. Hata ya yule karani aliyefariki mwaka jana, nayo nimeihamisha na programu zake zote."

"Kwa hiyo marehemu akija leo anakuta kila kitu mahali pake," binti yangu akasema.

Karani akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo.

"Sanduku lenyewe liko wapi?" nikauliza mimi kutoka mlangoni. "Si liletwe?"

"Mabovu yote yalichukuliwa na mnunuzi wa vyuma, mama."

"Tutamfuata."

"Mama," Fundi akasema, na sasa alikuwa anaongea na sakafu, "kabla ya kuyatoa tunatoboa diski. Ni amri. Ni siri za mahakama, haziwezi kutoka nje zikiwa nzima."

"Umetoboa mwenyewe?" binti yangu akauliza.

"Ndiyo, dada. Kwa drili."

"Matundu mangapi?"

"Matatu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa ya basi. Sijui kwa nini aliuliza idadi. Mpaka leo sijamuuliza.

Mimi sikuridhika. Mama haridhiki kwa maneno. Nilikwenda mwenyewe kwenye uwanja wa vyuma nyuma ya stendi ya malori, nikapita kati ya friji zilizolazwa chali na milango ya magari. Nililijua sanduku kwa kitufe chake, kwa sababu ni mimi niliyekibandika kipande cha kitambaa cha jinzi ili akipapase upesi. Lilikuwa wazi, limetolewa matumbo. Waya wa hedfoni ulikuwa bado umezungushwa nyuma jinsi anavyouzungusha yeye jioni.

"Mama, mlificha dhahabu humu?" mnunuzi wa vyuma akaniuliza. "Unalishika kama maiti."

Nikachomoa hedfoni, nikaondoka nazo.

Hakimu huyu wa sasa si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka. Mashauri yamemjaa mpaka mlangoni na wakubwa wake wanamsukuma. Alimwita binti yangu akamwambia, "Kuchapa kwenyewe huhitaji kusomewa, sivyo? Vidole vinajua njia. Wewe chapa, Karani atapitia jioni na kusahihisha, mpaka hilo la programu litakapopata ufumbuzi."

Naye akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa."

Aliponisimulia, damu ilinichemka. "Kwa nini ulikubali? Ungesema huwezi!"

"Ningesema siwezi, kiti kingekuwa na mtu kabla sijafika langoni. Mkataba wangu unaisha kila mwaka, mama, si kama wa Karani."

Hapo nikaelewa tulipofika. Kumbe haikuwa kompyuta iliyokuwa inajaribiwa, ni yeye.

Tulimpigia yule mwalimu wa bwenini. Alisikitika sana. Akaeleza kwamba programu ile ilifunguliwa kwa ufunguo wa mashine moja tu, na ufunguo umekwenda na diski. Ataomba mwingine, lakini walioomba ni wengi na chama hakina nguvu kama zamani.

"Na akaunti yangu, Mwalimu? Niliyoifundisha?"

Hakumficha. "Programu inaweza kurudi, binti yangu. Akaunti hairudi. Utaanza nayo upya kama mtoto mchanga."

Fundi naye dhamiri ilikuwa ikimsuta. Alirudi siku nyingine bila kuitwa, akamwonyesha kwamba kompyuta mpya nayo ina sauti yake ya ndani. Programu nyingine hakuruhusiwa kuweka bila kibali cha makao makuu, na kibali ameshakiomba. Wakaiwasha hiyo sauti. Binti yangu alinisimulia akicheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu ile. Ilikuwa sauti ya mgeni ambaye lugha yetu hajaisikia hata siku moja, anasoma kama kaweka kitu cha moto mdomoni na anaogopa kukimeza. "Mheshimiwa hakimu" ilitoka kama mtu anapiga chafya. Alijaribu nayo nusu siku ndani ya shauri. Ilimchelewesha, ikamvuruga hata lile sikio la watu. Akaizima.

Basi akachapa kwenye kimya. Jioni Karani alikaa na karatasi, akisahihisha na kunung'unika ukumbini ili kila mtu asikie. "Nimegeuka mwalimu wa darasa la pili. Herufi hapa, nafasi pale. Mshahara wenyewe ule ule." Makosa yalikuwa machache, mlinzi ndiye aliyeniambia, naye aliambiwa na wakili. Lakini manung'uniko hayahesabu makosa.

Nyumbani alikuwa akifika mabega yamekakamaa kama mbao. Nilimkanda kwa maji ya moto. Chakula alikigusa tu.

"Inakuwaje ndani mle?" nilimuuliza.

"Ni kama kuongea na mtu chumbani, halafu hujui kama bado yupo au ametoka."

Siku iliyomaliza mambo ilianza kwenye baraza yangu. Alikuja mwanamke mzee, viatu amevishika mkononi vumbi lisiviharibu. Pindo la gauni lake lilikuwa limefumuka. Akaniomba sindano, nikamwambia asimame tu nimshonee akiwa amelivaa. Nikiwa nimepiga magoti pale miguuni pake akanieleza kilichomleta. Mwanawe alikuwa akijenga ghorofa, akaanguka. Wenye jengo wanasema siku hiyo hakuwa kazini, alijiingilia tu. Yeye mama mtu alikuwa amempelekea chakula, akamwona juu akiwa na karai kichwani, na kofia ya kampuni.

"Umeona mwenyewe?" nikamuuliza.

"Alinipungia mkono, mwenzangu."

Nikakata uzi kwa meno. Nilimwambia, "Anayeandika mle ndani ni binti yangu. Sema taratibu, hataacha neno." Akavaa viatu, akavuka barabara.

Yaliyofuata niliyapata kwa vipande, kwa binti yangu, kwa mlinzi, na kwa Karani mwenyewe alipokuja kujitetea. Yule mama mzee aliapa, akaanza kusema. Alisema taratibu kweli, na binti yangu alimfuata bila shida, kila neno. Alisema kuhusu chakula alichobeba, ngazi za miti, karai, mkono uliopunga. Wakili wa wenye jengo akamhoji kwa muda mrefu, mara hivi mara vile, naye hakuyumba. Asubuhi nzima ilikwenda. Hakimu aliposimamisha shauri kwa mapumziko ya mchana, akataka zichapishwe karatasi za ushahidi ule mara moja.

Karani akainama kwenye kompyuta mpya. Kulikuwa na mistari michache ya mwanzo: jina la shahidi, umri, kiapo. Baada ya hapo peupe. Na katikati ya skrini kulikuwa na kisanduku cha ujumbe. Kompyuta ilikuwa inauliza kama ijisasishe, yaani ijiwekee mapya yake, sasa au baadaye. Ilianza kuuliza asubuhi, mara tu baada ya kiapo, na tangu ilipouliza haikupokea herufi nyingine hata moja. Vidole vya binti yangu vilikuwa vikigonga mlango uliofungwa.

Mashine ya zamani ingemwambia sikioni saa ile ile. Na hii mpya ilikuwa na skrini kubwa, inayong'aa, iliyowaelekea watu. Karani anakaa nyuma ya binti yangu. Mawakili wote wawili waliitazama. Askari wa mlangoni aliitazama.

"Kile kisanduku kilikuwepo tangu saa ngapi?" binti yangu aliuliza.

"Tangu mwanzo mwanzo," Karani akasema. "Nilidhani ni mambo yako ya kitaalamu."

"Uliona herufi zikitembea?"

"Sikuziona."

"Na hukusema?"

"Nisemeje?" Karani akapandisha sauti. "Shahidi yuko kwenye kiapo, hakimu yuko kitini! Umeshaona mtu akifungua mdomo mle bila kuulizwa? Hata mkojo tunaubana!"

Na hiyo ndiyo sheria ya chumba kile, kila mtu anaijua. Ushahidi ukianza hakuna anayesema ila aliyeulizwa. Hata paa likivuja watu wanasogea kimya. Basi watu wazima wenye macho yao walikaa asubuhi nzima wakikitazama kile kisanduku, midomo imefumbwa kwa heshima, na aliyekuwa anafanya kazi ni yule mmoja asiyekiona.

Hakimu alimwita ofisini. Binti yangu akamwambia, "Mheshimiwa, maneno yake yote ninayo kichwani. Nipe hii saa ya chakula nitayachapa."

"Kumbukumbu ya mchapaji si ushahidi," hakimu akasema. "Nikikubali hilo, kesho kila karani ataniletea ya kichwani mwake." Hakusema kwa ukali. Akamwambia kwamba shahidi ataitwa upya, na kwamba yeye kama hakimu hawezi kukaa tena katika chumba ambacho hana hakika kama kinachosemwa kinaandikwa. Palikuwa na nafasi mapokezi, ya simu. Kama hataki, asubiri mkataba wake uishe.

Alitoka nje jua likiwa kali. Nilishakuwa langoni, maana nilikuwa nimemwona yule mama mzee akitoka na kuondoka na kijana aliyemsindikiza, uso wake umepumzika kama mtu aliyetua mzigo. Hakuwa anajua lolote.

"Wamenipa simu," binti yangu akasema.

"Simu ya nini?"

"Ya mapokezi. Kuitikia."

"Na ufunguo wa Mwalimu ukija? Na kibali cha Fundi?"

"Vikija vitakuta kiti kina mtu."

Kilikuwa na mtu kesho yake. Msichana mmoja mpole, mlinzi alinieleza, anayetafuta kila herufi kwa macho kama anachagua mchele, na mashahidi wanaambiwa wasimame mpaka amalize. Lakini anaona kisanduku kikitokea. Simlaumu. Wa kumlaumu simpati, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Fundi alifuata amri. Karani alifuata heshima. Hakimu alifuata sheria. Kila mmoja nikimshika ananyooka mkononi mwangu.

Meza ya mapokezi iko karibu na mlango wa mbele, palipo na upepo. Nilimpelekea sweta. Mlinzi aliniruhusu nikae kwenye benchi la wageni, akasema, "Sasa unamwona vizuri zaidi, mama, huna haja ya kukodoa macho kutoka ng'ambo." Alidhani ananifurahisha.

Karani akaja na karatasi ya wito. Alisimama upande, hakusogea sana. "Kuna shahidi wa kupigiwa," akasema. "Lile shauri la ghorofa. Aambiwe arudi wiki ijayo, aanze upya." Kisha, kwa sauti ya chini, "Kama ni vigumu nitampigia mimi."

"Nisomee namba," binti yangu akasema.

Akamsomea. Yeye akabonyeza, akasubiri. Simu zile zina sauti kubwa, na yule mama mzee alikuwa mtu wa kupaza sauti kwenye simu, nikamsikia nikiwa kwenye benchi.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka mahakamani."

"Marahaba. Hukumu imetoka?"

"Bado, mama. Unaombwa uje tena wiki ijayo, siku ya Jumanne asubuhi. Utoe ushahidi upya."

"Nimeshautoa."

"Haukuandikwa, mama. Kompyuta ilikuwa na hitilafu."

"Alikuwepo msichana anaandika. Nilisikia anaandika."

"Ni mimi, mama."

"Kwa hiyo hukunisikia?"

"Nilikusikia." Mkono wake ulikuwa umeubana waya wa simu. "Nilisikia yote. La karai, la ngazi, la kofia. Alivyokupungia mkono."

"Basi si uwaambie wewe, mwanangu? Kama ulisikia, waambie."

Karani aligeuka akatazama nje ya dirisha.

"Hairuhusiwi, mama," binti yangu akasema. "Inatakiwa useme mwenyewe."

Ilisikika sauti ya mtu mwingine nyuma ya yule mama akiuliza ni nani, kisha simu ikakatwa upande wake. Binti yangu alibaki ameshika kipokezi sikioni, kisha akakipapasia mahali pake, akakiweka.

"Atakuja?" Karani akamuuliza.

"Hakusema."

Karani akasimama hapo na karatasi yake, hajui aandike nini. Simu ikalia tena, na binti yangu akainyanyua kabla haijalia mara ya pili.